FRAUNHOFER: MWANAGENZI WA VIOO ALIYEIPIMA NURU

Mwaka huu mlezi wa chama chetu alitutaka kila mmoja aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kuiaga dunia. Wenzangu waliwakimbilia wale wanaojulikana na kila mtu: Shaaban Robert, Mwalimu Nyerere, Dedan Kimathi, Mekatilili wa Menza. Mimi nilimchagua Mjerumani mmoja, Joseph von Fraunhofer. Nilipolitaja jina hilo chamani, watu waliangua kicheko, ati nimechagua jina nisiloweza hata kulitamka. Lakini kwa wanafizikia jina hilo ni kama chumvi jikoni. Hakuna kinachopikwa bila hilo.

Sababu ya kumchagua ninayo. Mimi mwenyewe hukata vioo. Kila Jumamosi na siku za likizo humsaidia mjomba wangu katika kibanda chake karibu na steji ya matatu. Tunakata vioo vya madirisha, vioo vya picha na vioo vya kujitazamia. Sehemu ya karo yangu hutoka hapo. Katika kazi yetu, mkwaruzo ni hasara tupu. Mwezi wa pili mwaka huu mkono wangu uliteleza, kikatio kikapiga mstari katikati ya kioo kikubwa cha mteja. Mjomba hakunipiga wala kunitukana. Alinyamaza tu, na kimya chake kiliniuma kuliko kiboko. Kioo kile tulikilipa sisi.

Muhula huo huo mambo yangu ya shule pia hayakuwa mazuri. Nilikuwa nimepata alama 28 katika fizikia, kisha nikakaa nyumbani wiki mbili kungoja karo. Niliporudi, darasa lilikuwa limefika kwenye mawimbi, kwenye kitu kinachoitwa difraksheni, na mimi nikawa kama mtu aliyeingia katikati ya hadithi. Sisi wa kidato cha tatu tulikuwa karibu kuchagua masomo. Kusema kweli nilikuwa nimekwisha kuamua: fizikia kwaheri. Nilijiambia kwamba somo lile ni la watoto wenye maabara kubwa na wazazi wenye uwezo. Ndipo nilipopekua kitabu kikuukuu katika maktaba nikasoma kwamba mtu aliyeipima nuru kwa njia hiyo ya difraksheni alikuwa mwanagenzi wa mkata vioo, yatima, asiye na shule. Nikakaa chini. Hebu nanyi kaeni, niwasimulie.

Joseph Fraunhofer alizaliwa tarehe 6 Machi 1787 katika mji wa Straubing, jimbo la Bavaria, ambalo leo ni sehemu ya Ujerumani. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto 11. Baba yake alikuwa fundi wa vioo, na kijana alianza kushika vioo akiwa bado mdogo. Lakini kabla ya hujafa hujaumbika. Mama yake alifariki 1797, na mwaka uliofuata baba naye akafuata. Joseph akabaki yatima akiwa na umri wa miaka 11 tu.

Walezi wake walimpeleka mjini Munich kwa fundi mmoja aliyetengeneza vioo vya kujitazamia na kuchonga vioo vya mapambo. Jina la fundi huyo ni Weichselberger. Desturi ya wakati ule ilikuwa kwamba anayetaka kufunzwa kazi alilipa ada. Yatima angeitoa wapi? Basi ikakubaliwa afanye kazi miaka sita bila mshahara ili kulipia mafunzo yake. Kazi zilikuwa nyingi, na mwajiri hakupenda kabisa kumwona kijana na kitabu mkononi. Kwake yeye mwanagenzi ni mikono, si kichwa. Joseph alijua kusoma kwa shida, na hesabu zake zilikuwa duni kuliko zangu, wallahi.

Ikaja siku ya tarehe 21 Julai 1801. Nyumba waliyoishi na kufanyia kazi iliporomoka. Ilianguka yote, kuta na mapaa, ikawafukia watu waliokuwa ndani. Mke wa fundi alifariki papo hapo. Watu walichimba kwa saa kadhaa, na hatimaye wakamtoa kijana wa miaka 14, akiwa hai. Mihimili ilikuwa imeangukiana juu yake na kumwachia upenyo wa kupumua.

Wakati wa kuchimba, mtawala wa Bavaria mwenyewe, Maximilian Joseph, alikuja kujionea msiba ule. Aliguswa na kisa cha yatima yule akampa sarafu 18 za dhahabu. Bwana mwingine mkubwa, Joseph von Utzschneider, mfanyabiashara na mtu wa serikali, naye alimfahamu Joseph kwa ajili ya ajali hiyo, akampa vitabu vya hesabu na vya elimu ya nuru. Hata mwajiri ikabidi alegeze kamba na kumruhusu kuhudhuria shule ya Jumapili.

Sasa, msomaji, wewe ungezifanyia nini sarafu 18 za dhahabu ukiwa na miaka 14? Mimi najua ningenunua viatu kwanza. Joseph alinunua mashine ya kusugulia vioo. Nyingine alizitumia kujikomboa, yaani kumlipa mwajiri ili asimalizie muda uliobaki wa uanagenzi wake. Kisha akajaribu biashara yake mwenyewe ya kuchonga kadi za majina. Biashara haikusimama. Akarudi kichwa chini kwa fundi yule yule wa zamani kuomba kazi. Hapo ndipo wengi wetu hukata tamaa. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mchana alikata vioo, na usiku alisoma.

Mwaka wa 1806 Utzschneider alimkumbuka. Yeye na wenzake walikuwa na karakana mjini Munich iliyotengeneza vyombo vya kupimia ardhi. Vyombo hivyo vilihitaji lenzi safi, na lenzi safi zilikuwa adimu kama maziwa ya kuku. Joseph akaajiriwa. Mwaka uliofuata kazi ya vioo ilihamishiwa Benediktbeuern, kijiji kilicho chini ya milima ya Alps, katika majengo yaliyokuwa zamani nyumba ya watawa. Huko alikuwepo Mswisi mmoja, Pierre-Louis Guinand, aliyejua siri ya kuyeyusha kioo na kukikoroga ndani ya tanuri ili kisiwe na mapovu wala michirizi. Joseph alijifunza kwake, kisha akamzidi. Alipofikisha umri wa miaka 22 alikwisha kufanywa mshirika katika biashara ile, na kabla ya kufika 30 jina lake lilikuwa kwenye mlango: Utzschneider na Fraunhofer.

Sasa tuingie kwenye nuru yenyewe. Mtengeneza lenzi lazima ajue kila aina ya kioo inaupinda mwanga kiasi gani. Taabu ni kwamba kila rangi hupindwa kwa kiasi chake. Ukisema rangi nyekundu, nyekundu ipi? Ile ya damu au ile ya nyanya? Rangi za upinde wa mvua huungana bila mpaka, hivyo huwezi kuweka rula mahali popote. Fraunhofer alitafuta alama.

Mwaka wa 1814 aliziba madirisha ya chumba, akaacha ufa mwembamba upitishe jua, akaweka prizimu na mbele yake darubini ndogo. Alitazamia kuona rangi peke yake. Kumbe ndani ya rangi zile mlikuwa na mistari myeusi, myembamba na minene, mingi ajabu. Mwingereza Wollaston alikuwa ameiona michache mwaka wa 1802, akaiacha. Fraunhofer hakuiacha. Aliihesabu mistari 574 akaichora ramani, na ile mikubwa akaipa herufi kuanzia A. Akaigeuzia darubini sayari ya Zuhura, akakuta mistari ile ile ya jua. Akaielekeza kwenye nyota ya Sirius, akakuta mistari mingine kabisa. Aligundua pia kwamba katika mwali wa taa kuna mstari pacha wa manjano unaong'aa, nao unakaa mahali pale pale palipo na mstari mweusi D wa jua. Hakujua sababu, lakini alama zake alikuwa amezipata. Tangu hapo aliweza kupima kioo kwa usahihi ambao hakuna aliyekuwa nao.

Hata hivyo, prizimu ilikuwa na kasoro. Inazitawanya rangi kulingana na kioo chake. Ukibadilisha kioo, umebadilisha na nafasi baina ya rangi. Fraunhofer alitaka kuipima nuru yenyewe, si tabia ya kioo. Ndipo mwaka wa 1821 alipofanya jambo lililonifanya niandike makala haya.

Alichukua skurubu mbili nyembamba akaziweka sambamba, kisha akazungushia waya mwembamba kama unywele, kila mzunguko ukikaa ndani ya mfereji wa skurubu. Akapata nyaya 260 zilizosimama bega kwa bega, na baina yao nafasi zilizo sawa. Mmarekani David Rittenhouse alikuwa amejaribu kitu kama hicho kwa nywele mwaka wa 1785, lakini kazi haikuendelezwa. Kifaa hiki vitabu hukiita gretingi ya difraksheni. Sisi chamani tumekipa jina letu: chanuo la nuru, kwa sababu kina meno, na kinaichana nuru kama chanuo linavyochana nywele.

Kinavyofanya kazi ni hivi. Nuru ni mawimbi, jambo ambalo Thomas Young wa Uingereza alikuwa amelionyesha miaka kama ishirini nyuma. Wimbi likipita kwenye upenyo mwembamba, haliendi moja kwa moja tu. Hutandaa pande zote, kama mawimbi ya bahari yanavyotandaa yakipita mlango wa bandari. Basi kila nafasi baina ya nyaya inakuwa chanzo kipya cha mawimbi. Mbele moja kwa moja, mawimbi yote yanafika pamoja, nuru inang'aa. Ukienda pembeni kidogo, wimbi la nafasi moja linachelewa nyuma ya jirani yake, yanapingana na kuuana, pakawa giza. Lakini ukifika pembe fulani, kila wimbi limechelewa nyuma ya jirani yake kwa urefu wa wimbi moja kamili. Hapo yanapatana tena hatua kwa hatua, kama askari wa gwaride, na nuru inawaka upya. Wimbi la rangi nyekundu ni refu, kwa hiyo pembe yake ni kubwa. La zambarau ni fupi, pembe yake ni ndogo. Rangi zinajitenga zenyewe, na mpangilio ni kinyume cha prizimu, ambayo huipinda zambarau zaidi. Na hapa hakuna tabia ya kioo inayoingilia. Ukijua umbali baina ya jino na jino, na ukiipima pembe, hesabu inakupa urefu wa wimbi.

Nyaya hazikumtosha. Alitaka meno yaliyo karibu zaidi, na waya una mwisho wake. Akapaka kioo utando wa dhahabu akachora mistari juu yake. Kisha, na hapa ndipo moyo wangu uliporuka, akaacha dhahabu akachukua almasi, akakwaruza kioo chenyewe. Alitengeneza mashine iliyochora mikwaruzo sambamba, na chanuo lake bora lilikuwa na mikwaruzo kama 300 ndani ya milimita moja. Wasomaji wenzangu, jambo ambalo mimi nililipia kwa pesa za mjomba, huyu jamaa alilifanya makusudi mara maelfu!

Hapo nilikwama tena. Waya unaziba nuru, hilo linaeleweka. Lakini mfereji katika kioo hauzibi kama waya. Kioo ni kioo, kinapitisha. Sasa nuru inachanwa na nini? Nilimwendea mwalimu wa fizikia, nikiwa na alama zangu 28 na aibu zangu zote. Hakunifukuza. Alinieleza kwamba nuru hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde hewani, lakini ndani ya kioo mwendo hupungua hadi kama 200,000. Penye mfereji kioo ni chembamba zaidi, kwa hiyo nuru inayopita hapo hutoka mapema. Inayopita pembeni mwa mfereji hutoka imechelewa kidogo. Nikafikiri, nikafikiri, mwishowe nikaiona. Wimbi linaingia likiwa bapa kama kioo cha dirisha, na linatoka likiwa na migongo na mabonde kama bati! Hakuna kilichozibwa. Kilichobadilika ni wakati wa kutoka tu. Lakini wimbi lenye migongo ya bati haliwezi kuendelea moja kwa moja kama zamani. Hujigawa katika miale kadhaa, kila mmoja na pembe yake, kwa kanuni ile ile ya nyaya.

Tena kuna ajabu kubwa zaidi. Chanuo la nyaya linapoteza nuru, maana nyaya zinaizuia. Chanuo la kuchelewesha halipotezi kwa kuziba. Ukiwa na migongo na mabonde yenye upana sawa, na ucheleweshaji ukawa nusu ya wimbi kamili, basi mawimbi ya mgongo na ya bonde yanauana kabisa pale mbele, na mwale wa katikati unatoweka! Nuru yote inaenda pembeni. Mikwaruzo ya almasi haikuwa safi kiasi hicho. Inaziba kidogo na kuchelewesha kiasi. Lakini Fraunhofer mwenyewe aliona kwamba umbo la mfereji lina neno, kwa kuwa baadhi ya vioo vyake vilitoa rangi zenye nguvu zaidi upande mmoja kuliko mwingine.

Mwalimu alinipa kazi ya kujionea mwenyewe. Shuleni kwetu hatuna gretingi, sisi ni shule ya kutwa na kabati la maabara lina nafasi nyingi kuliko vyombo. Lakini sahani ya CD ni chanuo. Mistari yake imeachana kwa mikromita 1.6, maana yake mistari 625 katika milimita moja, zaidi ya maradufu ya ile ya Fraunhofer. Kinyozi jirani wa mjomba alinipa CD kuukuu ya nyimbo. Nilikwaruza ukingo kwa wembe, nikabandika selotepu, nikaivuta, na ule utando wa fedha ukabanduka. Kikabaki kipande cha plastiki kinachopitisha nuru kama kioo. Hakuna rangi, hakuna waya, hakuna cha kuziba. Nikakiinua dirishani: upinde wa mvua!

Halafu mwalimu akaleta tochi ndogo ya leza nyekundu. Tuliifunga mezani, tukaisimamisha plastiki mbele yake, umbali wa sentimita 100 kutoka ukutani. (Msije mkaielekeza leza machoni mwa mtu, inaharibu macho.) Ukutani palitokea nukta nyekundu katikati na nyingine kila upande. Nilipima kutoka nukta ya kati hadi ya pembeni: sentimita 45. Pembe ikawa nyuzi 24 na kidogo. Nikapiga hesabu, mikromita 1.6 mara saini ya pembe hiyo, nikapata nanomita 657. Kwenye tochi palikuwa pameandikwa 650. Nilirudia hesabu mara tatu, nikidhani nimekosea kwa kuwa nilizoea kukosea. Sikuwa nimekosea. Kwa rula, plastiki ya kinyozi na mkono huu uliovunja kioo cha mteja, nilikuwa nimepima kitu kisichofika sehemu ya elfu moja ya milimita.

Fraunhofer hakuwa na leza. Alikuwa na jua na ule mstari wake D, na alipata urefu wa wimbi unaokaribia sana nanomita 589 zinazojulikana leo. Hiyo ilikuwa miaka ya 1821 hadi 1823. Si mchezo.

Je, dunia ilimpokeaje? Kwa mikono miwili, lakini mkono mmoja ulisitasita. Alipopendekezwa katika Chuo cha Sayansi cha Bavaria, baadhi ya wataalamu walipinga, kwa sababu hakuwa na shule ya maana. Kwao alikuwa fundi tu. Aliingizwa kwa daraja za chini kwanza. Lakini mwenye macho haambiwi tazama. Mwaka wa 1822 Chuo Kikuu cha Erlangen kilimtunukia udaktari wa heshima. Mwaka wa 1824 alitoa darubini kubwa ya Dorpat yenye lenzi ya upana wa sentimita 24, kubwa kuliko zote za aina yake wakati huo. Mji huo sasa unaitwa Tartu, uko Estonia, na darubini hiyo bado ipo. Mwaka huo huo mfalme wa Bavaria alimpa cheo cha heshima, ndipo jina lake likaongezwa lile neno von. Na mfalme huyo alikuwa nani? Ni Maximilian Joseph yule yule, aliyesimama kwenye kifusi mwaka wa 1801.

Kasoro moja nitaitaja, maana maisha ya mtu si sifa tupu. Mambo ya nuru aliyaandika na kuyatangaza kwa wote, lakini namna ya kuyeyusha kioo aliificha. Wageni walionyeshwa karakana, ila tanuri hawakuonyeshwa. Ilikuwa siri ya biashara, na alipoondoka aliondoka na mengi.

Kwani aliondoka mapema. Kifua kikuu kilimshika, na tarehe 7 Juni 1826 alifariki mjini Munich akiwa na umri wa miaka 39. Hakuwa ameoa wala hakuacha mtoto. Alizikwa karibu na Reichenbach, mmoja wa waanzilishi wa ile karakana iliyomwajiri, ambaye alikuwa amefariki wiki chache tu kabla yake. Juu ya kaburi waliandika kwamba aliyasogeza karibu mambo ya nyota.

Na aliyasogeza kweli. Mwaka wa 1838 Bessel alitumia chombo kilichotoka katika karakana yake kupima umbali wa nyota inayoitwa 61 Cygni, ambayo nuru yake huchukua miaka 11 hivi kutufikia. Mwaka wa 1846 sayari ya Neptune ilionekana mjini Berlin kwa darubini yake. Mwaka wa 1859 Kirchhoff na Bunsen walifumbua fumbo la mistari myeusi: kila elementi ina mistari yake, na ule mstari D ni sodiamu, ile ile iliyo katika chumvi ya mezani. Mwaka wa 1868 mstari mmoja usiojulikana ulionekana katika nuru ya jua, ukaitwa heliamu, na gesi hiyo haikupatikana hapa duniani hadi 1895. Yaani watu waliijua kutoka juani kabla ya kuishika mkononi.

Wanafunzi wenzangu, sisemi kwamba kila mkata vioo atakuwa Fraunhofer. Nyumba nyingi huanguka na hakuna mtawala anayepita na sarafu za dhahabu. Huyu alisaidiwa, na bila msaada ule pengine angebaki akichonga vioo vya mapambo hadi kufa. Wanaoweza kusaidia na walikumbuke hilo. Lakini sarafu ziliisha, biashara ikaanguka, na kilichobaki kilikuwa mkono uliojua kioo na kichwa kilichokataa kulala. Hilo hakupewa na mtu.

Fomu ya kuchagua masomo niliirudisha siku ya mwisho. Niliandika fizikia, kisha nikaipeleka haraka kabla moyo haujabadilika. Mtihani uliofuata nilipata 43. Bado ni kidogo, najua, lakini mvumilivu hula mbivu.

Kipande kile cha CD nilimpelekea mjomba kibandani. Alikigeuzageuza juani, akaziona rangi, kisha akakitazama kwa jicho la fundi akitafuta mikwaruzo yenyewe iko wapi. Hakuiona. Nikamweleza kwamba ipo 625 katika kila milimita. Alicheka sana, akakitundika mlangoni kwa uzi. Wateja wakiuliza ni cha nini, huwaelekeza kwangu, nami huanza kuwasimulia habari za mwanagenzi wa Munich.